Jana aliweza, leo hawezi: kutafuta kosa kwenye mafunzo ya mikono

Ijumaa jioni mwanagenzi wako ametia zipu kumi mfululizo, na ile ya kumi imelala sawa kabisa. Jumatatu asubuhi unampa sketi ya mteja, zipu inatoka na mawimbi kama maji ya Likoni msimu wa kusi. Unasema hajali. Unasema wikendi imemlevya. Yeye mwenyewe, maskini, anakubali.

Karakana yetu ya ushonaji iko Majengo, Mombasa, na lawama hii nimeisikia tangu nilipokuwa nikichezea vifungo chini ya meza ya kukatia. Mama ndiye fundi mkuu. Mimi nilikwenda chuo nikasoma saikolojia, nikakaa miezi maabarani nikipima watu wakifukuza nukta kwenye skrini kwa kipanya, kisha nikarudi nyumbani na shahada ambayo majirani walishindwa kuelewa ni ya kutibu nini. Haikuwa ya kutibu mtu. Lakini maswali tuliyoyauliza maabarani yalikuwa yale yale ya mama, ila yeye aliyauliza kwa sauti kubwa zaidi: mbona huyu hashiki? Mbona yule alishika kisha akapoteza?

Hapa nimekusanya malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara kutoka kwa mafundi, na jinsi ninavyoyachunguza. Mifano ni ya cherehani, ila anayefundisha kuendesha tuk-tuk, kuchora hina au kupiga udi atajikuta humu.

Kwanza: unapima lini?

Wanaosoma stadi za mwili hutenganisha vitu viwili ambavyo sisi mafundi huviona kuwa kimoja. Utendaji ni kile mkono unachokifanya sasa hivi mbele yako. Kujifunza ni kile kitakachobaki mkono ukishapumzika, ukalala, ukarudi. Utendaji unauona kwa macho. Kujifunza hukisiwa tu, tena baada ya muda kupita. Na yako mambo yanayoupandisha sana utendaji wa leo huku yakiiachia kesho kidogo mno.

Kwa hiyo nunua daftari. Kila asubuhi, kabla hujamfundisha neno, mpe kitambaa chakavu ashone kipande kimoja cha kazi mliyoifanya juzi. Usimsaidie, usikohoe. Andika dakika alizotumia na makosa uliyoyahesabu. Namba hizo mbili za asubuhi ndizo za kuamini. Za jioni hupendeza zaidi, na ndizo zilizonidanganya mimi mwaka mzima wa kwanza.

"Jana aliweza, leo hawezi"

Sababu kubwa ni mbili na dawa zake hazifanani, basi zitenganishe kwanza. Mpe vipande vitatu badala ya kimoja. Kama cha kwanza ni kibaya, cha pili afadhali, na cha tatu kimerudi pale alipoachia, stadi ipo. Mkono ulikuwa baridi. Jack Adams aliliandika jambo hili mwaka 1961: mtu akirudi kwenye kazi ya mikono baada ya mapumziko hushuka kidogo mwanzoni, kisha hupanda kwa kasi ambayo mwanafunzi mpya hana. Dawa ni dakika tano za kitambaa chakavu kabla ya kugusa cha mteja, basi. Hata mama hupitisha mshono mmoja kwenye kipande cha kanga kuukuu kila asubuhi. Husema anaijaribu mashine. Mimi nadhani anajijaribu mwenyewe.

Kama vitatu vyote ni vibaya, hakusahau. Hakuwa amejifunza. Zipu ya kumi ya Ijumaa ilitoka nzuri kwa sababu ile ya tisa ilikuwa bado imo mkononi, na ya nane kabla yake. Hakuhitaji kukumbuka kitu. Jumatatu ndiyo mara yake ya kwanza kuitafuta zipu ndani ya kichwa chake, na njia ya kuifikia hakuwa ameipita hata siku moja.

Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, Shea na Morgan, waliwapa watu kazi inayofanana na mchezo wa watoto: taa ikiwaka, chukua mpira wa tenisi, angusha vibao vidogo kwa mpangilio fulani, upesi uwezavyo. Mipangilio ilikuwa mitatu. Kundi moja lilimaliza mazoezi yote ya mpangilio wa kwanza, ndipo likaenda wa pili, kisha wa tatu. Kundi jingine lilichanganyiwa, halikujua upi unafuata. Wakati wa mazoezi, kundi la mfululizo lilikuwa na kasi kubwa kuliko lile la mchanganyiko. Walipopimwa baadaye, baada ya dakika 10 na tena baada ya siku 10, waliochanganyiwa ndio waliokuwa wamebaki na kitu, na walipopewa mpangilio mpya kabisa wakawashinda wenzao tena. Wale wa mfululizo walianguka vibaya zaidi pale ambapo jaribio lenyewe lilichanganywa, na kazi ya duka huja imechanganywa hivyo hivyo: zipu ya mama huyu, kola ya bwana yule, kisha dera la kupunguza mabega.

Matokeo ninayoyapenda zaidi ni ya Dominic Simon na Robert Bjork, mwaka 2001. Waliwauliza wanaojifunza kubonyeza vitufe kwa mpangilio: kesho utafanya vizuri kiasi gani? Waliofanya mazoezi ya mfululizo walitabiri makubwa. Siku ya pili ikawa kinyume. Yaani njia mbaya ndiyo inayomfanya mwanagenzi ajione hodari, na fundi ajione mwalimu mzuri. Ndiyo maana haifi.

Dawa: zipu moja, pindo moja, kola moja, kisha zipu tena. Mazoezi yatakuwa mabaya kuyatazama. Mwanagenzi atanung'unika kwamba akianza tu kuipata unamhamisha. Mwambie uvumilivu kidogo, umwoneshe daftari baada ya wiki mbili.

Lakini usichanganye siku ya kwanza. Mtu asiyejua hata kukanyaga pedali kwa mguu mmoja bila cherehani kurudi nyuma, ukimchanganyia kazi tatu utamchanganya kichwa. Mpe kwanza umbo la kazi, mara nne au tano kwa kufuatana, kisha vuruga. Na ukweli mwingine ni kwamba tofauti hii hujitokeza kwa nguvu maabarani kuliko kwenye viwanja na karakana, ambako kazi zina mambo mengi. Kwangu imefaa. Sitakuapia kwamba itafaa kwa kila kazi na kila mtu.

Mama niliposimulia haya aliuliza kama huko chuoni walikuwa hawana wateja. Yeye alijifunza Biashara Street kwa fundi aliyempa chochote kilichoingia mlangoni. Alichanganyiwa bila mtu kumpangia, halafu alipopata wanagenzi wake mwenyewe akawawekea mapindo mia kwa mia. "Niliwaonea huruma," alisema.

"Nikisimama pale anaweza, nikitoka anaharibu"

Hapa mshukiwa wa kwanza ni wewe. Chunguza hivi: kaa naye nusu saa na kila unapofungua mdomo weka alama kwenye karatasi. Mimi nilipata alama arobaini na kitu. "Vuta. Sio hivyo. Legeza. Haya, sasa kata." Mwanagenzi alikuwa anaendeshwa kwa sauti yangu kama mkokoteni unavyosukumwa Marikiti, sauti ikiondoka, mkokoteni unasimama.

Carolee Winstein na Richard Schmidt walilijaribu hili mwaka 1990. Watu walijifunza kusogeza mkono kwa mwendo maalumu. Nusu yao waliambiwa matokeo kila baada ya jaribio, wengine waliambiwa katika nusu tu ya majaribio. Kwenye mazoezi hawakutofautiana sana. Siku iliyofuata, bila kuambiwa chochote, waliosikia mara chache walifanya vizuri zaidi. Maelezo ya watafiti ni kwamba mrejesho wa kila mara hugeuka fimbo ya kutembelea: mtu huacha kuusikiliza mwili wake mwenyewe, kitambaa kinavyovuta, sindano inavyogonga, kwa kuwa jibu litakuja tu kutoka nje.

Usiende upande wa pili ukanyamaza kabisa, kama mafundi wengine wanaojivunia kwamba mwanagenzi "aibe kwa macho". Edward Thorndike aliwafunga watu macho, akawachoresha mistari ya urefu mmoja mamia kwa mamia bila kuwaambia wamekosea kwa kiasi gani. Hawakuboreka. Kurudia kitu gizani ni kurudia tu.

Ninachofanya sasa: akimaliza kipande, nanyamaza. Namwuliza, "Kosa li wapi?" Akishasema ndipo namwambia nilichokiona, tena si kwa kila kipande. Wiki ya kwanza majibu ni "sijui, mwalimu". Wiki ya tatu anaanza kuniambia kabla sijauliza. Jambo moja la kuchunga: ukimya wako asiudhanie kuwa hasira. Mwambie mapema kwamba utanyamaza na kwa nini.

"Anashinda hapa tangu asubuhi, lakini haongezeki"

Angalia saa kwanza. Posta ya Uingereza iliwahi kuhitaji kuwafundisha wafanyakazi wake kupiga chapa, na Alan Baddeley na Longman wakawapanga katika makundi manne: saa moja kwa siku, saa moja mara mbili, saa mbili mara moja, na saa mbili mara mbili. Matokeo yao, yaliyochapishwa 1978, yalionesha kwamba kundi la saa moja kwa siku lilijifunza kibodi kwa jumla ya saa chache kuliko wote, na kundi la saa nne kwa siku ndilo lililopoteza saa nyingi zaidi. Ila kundi hilo la saa moja ndilo lililoridhika kidogo kuliko yote. Kwa kalenda walikuwa nyuma ya wenzao. Siku zilikwenda, wakajiona wanachelewa.

Basi mzazi anayelipa ada akikuuliza mbona mtoto wake anafunzwa zipu saa moja tu kisha anatumwa kupiga pasi, una jibu. Kupiga pasi si adhabu. Na akienda nyumbani alale. Mwaka 2002 Matthew Walker na wenzake walionesha watu wakibonyeza vidole kwa mfuatano, wakaongeza kasi kwa takriban asilimia 20 baada ya usiku wa usingizi, huku waliokaa macho kwa saa zile zile wasiongeze kitu cha maana. Baadaye wengine walibisha, wakasema sehemu ya nyongeza hiyo ni uchovu wa jana ulioondoka tu. Kwa fundi ni mamoja: aliyelala hushona vizuri zaidi. Mwanagenzi anayevuka feri saa kumi na moja alfajiri baada ya harusi ya usiku kucha usimpime siku hiyo, na ukimpima usiandike.

Kama saa ziko sawa na daftari bado limelala, uliza amefika wapi. Mikono huongezeka kwa namna moja karibu kila mahali: mwanzoni kwa hatua kubwa, kisha hatua ndogo, kisha ndogo zaidi. E. R. Crossman mwaka 1959 alitazama takwimu za wafanyakazi wa kiwanda wakiviringisha sigaa, zile sigara nene, kwa mashine, akaona kasi bado inaongezeka kidogo kidogo hata baada ya sigaa zaidi ya milioni moja. Kwa hiyo mwanagenzi wa mwezi wa pili aliyekuwa anapunguza dakika tano kwa wiki, na sasa anapunguza nusu dakika, hajakwama. Kipimo chako ni kipana mno kuziona hatua hizo ndogo. Pima vipande vitano, chukua wastani.

Kukwama kwa kweli kupo pia. Bryan na Harter, mwishoni mwa karne ya 19 huko Indiana, waliwafuatilia watu wanaojifunza telegrafu, simu ya waya inayotuma ujumbe herufi kwa herufi, wakakuta katika kupokea ujumbe kipindi kirefu ambacho mchoro haupandi, kisha unapanda tena. Walieleza kwamba mwanafunzi amezimudu herufi, lakini hajaanza kusikia maneno mazima. Wengine baadaye walitia shaka kama tambarare hiyo ni lazima itokee, na kwa kweli si kila mtu huipitia. Lakini wazo la herufi na maneno limenisaidia. Mwanagenzi aliyekwama mara nyingi bado anashona kola kama kazi nane: pinda, simamisha, tazama, pinda. Nampa sehemu mbili aziunge bila kusimama, nyingine aziache zilivyo. Mara nyingi hapo ndipo mkono unapofunguka.

Na kama amezoea kosa, kwa mfano kuvuta kitambaa nyuma ya sindano badala ya kukiacha meno yakisukume, muda wake utakuwa mrefu kuliko wa mtu mpya. Mazoea yana taabu. Mpange kwenye daftari lake la pekee.

"Mteja akikaa pale, mikono inatetemeka"

Hili huwapata hata wazuri, na si uoga peke yake. Sian Beilock na Thomas Carr (2001) waliwachunguza watu wakisukuma mpira wa gofu kuelekea shimoni. Waliobobea, wakiulizwa baadaye walifanyaje katika pigo fulani, walikumbuka kidogo kuliko wanaojifunza. Mkono ulifanya kazi bila kumwarifu mwenyewe. Chini ya shinikizo mtu hurudisha macho ndani, akaanza kuichunga kila hatua, na mwendo uliokuwa mmoja ukakatika vipande. Dada mmoja hapa kwetu hutia darizi ya shingo ya kanzu huku akipiga soga. Mteja akisogeza kiti karibu, soga hukoma, na darizi nayo huanza kupinda. Zamani nilidhani soga ndiyo inayomharibia kazi. Kumbe ilikuwa ikimlinda.

Dawa ni mbili. Katika utafiti ule ule, waliojifunza huku wakirekodiwa kwa kamera hawakuanguka walipotiwa shinikizo baadaye. Kamera sina. Nina shangazi. Kila Alhamisi wanagenzi hushona huku shangazi zangu wawili wamekaa kwenye benchi wakitoa maoni, na aliyezoea maoni ya shangazi zangu hataogopa mteja yeyote wa Nyali.

Ya pili ni maneno yako. Mwaka 1998 Gabriele Wulf, Höß na Prinz waliwapandisha watu kwenye jukwaa linaloteleza kushoto na kulia kama mtu anayeteleza kwenye theluji. Walioambiwa wafikirie miguu yao walijifunza vibaya kuliko walioambiwa wafikirie magurudumu yaliyo chini ya miguu hiyo hiyo. Umbali wa sentimita chache, lakini mawazo yamehama kutoka mwilini kwenda kwenye chombo. Basi badala ya "legeza kifundo cha mkono", mimi husema "tazama ukingo wa kitambaa uguse mstari wa bamba". Badala ya "mguu polepole", "sikiliza mashine isipige kelele".

"Akienda haraka anakosea, akienda polepole anachelewa"

Hilo si kosa la mtu. Ni sheria ya mwili. Woodworth aliliona mwaka 1899, na Paul Fitts akaliwekea hesabu mwaka 1954 kwa kuwapa watu kalamu ya chuma wagonge vibati viwili kwa zamu: kadiri vibati vinavyokuwa vyembamba au mbalimbali, ndivyo mkono unavyochukua muda. Mshono wa ukingoni kabisa mwa kola ni kibati chembamba. Usiupangie dakika za pindo la pazia.

Kosa la fundi hapa ni kulinganisha wanagenzi wawili kwa namba moja. "Huyu ana kasi kuliko yule," na makosa je? Ndiyo maana daftari lina safu mbili. Mwenda pole hajikwai, ni kweli, lakini wiki ya mwisho ya Ramadhani kanzu zimejaa hadi dirishani, na aliyejifunza kwa mwendo wa kobe tu hajawahi kushona kwa mwendo utakaodaiwa siku hiyo. Mpitishe kwenye kasi hiyo mapema, kwenye vitambaa chakavu, makosa yakiwa ya bure.

"Hapa anaweza, kwingine hawezi"

Amefunzwa kwenye mashine moja, uzi mmoja, kitambaa kimoja cha pamba. Robert Kerr na Bernard Booth mwaka 1978 waliwapa watoto wa miaka minane vifuko vya maharage wavirushe kwenye shabaha. Kundi moja lilifanya mazoezi ya futi 3 peke yake; jingine futi 2 na 4, hizo 3 halikuzigusa kamwe. Walipopimwa kwa futi 3, lile lisilozigusa ndilo lililoshinda. Badilisha basi: satini leo, jinzi kesho, cherehani ya mguu stima ikipotea, na hapa petu hupotea vya kutosha kuliweka somo hilo kwenye ratiba.

"Anaweza, ila hawezi kueleza anavyofanya"

Ondoa hili kwenye orodha ya makosa. Mwaka 1962 Brenda Milner aliandika habari za mgonjwa aliyejulikana kwa herufi H.M., ambaye baada ya upasuaji wa ubongo hakuweza kushika kumbukumbu mpya. Alimpa kazi ya kuchora nyota akiutazama mkono wake ndani ya kioo, kwa siku tatu. Kila siku H.M. hakukumbuka kuifanya kazi hiyo kabla, na kila siku mkono wake ulichora vizuri zaidi. Mkono una mahali pake pa kuweka mambo.

Kwa hiyo usimfelishe mwanagenzi kwa sababu hawezi kukusimulia kola. Mpe kitambaa. Nimejaribu mara nyingi kumhoji mama anaachia kiasi gani pale kola inapokutana na bega, niandike kwa milimita. Hunitazama, huchukua kitambaa, hukipitisha chini ya sindano kikatoka upande wa pili kimekamilika, na kuniambia, "Si huo hapo."